Damu ya Agosti haifiki Desemba

Msimu mpya ukikaribia, matawi ya Simba na Yanga huingia mtaani. Simba Day ilianza mwaka 2009, Wiki ya Mwananchi ikafuata 2019, na zote mbili zimekuja na desturi nzuri: kabla ya tamasha lenyewe, mashabiki huchangia damu, hutembelea makao ya watoto na kufanya usafi hospitalini. Ndani ya wiki mbili tatu kazi kubwa inafanyika. Kisha ligi inaanza, na tawi halionekani tena kwenye shughuli za jamii hadi Agosti nyingine.

Hapo ndipo ninapoona tatizo, na nitaanza na damu kwa sababu hesabu yake haina ubishi. Chupa moja ya damu, yaani mililita 450, ikiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kawaida ya kuzuia kuganda, hukaa siku 35 kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Chembe nyekundu zikitenganishwa na kuongezewa kirutubisho hufika siku 42. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu. Kwa hiyo damu iliyotolewa wiki ya tamasha, mwishoni mwa Septemba imeshatumika au imeshamwagwa. Na ukame mkubwa wa damu nchini huja shule zinapofungwa, Juni na Desemba, maana wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Mama aliyejifungua anavuja damu, mtoto mwenye selimundu, kijana wa bodaboda aliyegongwa: hawa wanahitaji chupa iliyotolewa wiki hizi.

Tuchukue tawi lenye watu 60 walio tayari kuchangia. Wote wakitoa siku moja ya Agosti, mwaka mzima umepata chupa 60. Sasa wagawe makundi manne ya watu 15. Kundi A litoe Agosti, Desemba na Aprili. Kundi B litoe Septemba, Januari na Mei. Kundi C Oktoba, Februari na Juni. Kundi D Novemba, Machi na Julai. Watu ni walewale, na wote wakipita vipimo chupa zimekuwa 180, tena hakuna mwezi uliobaki mtupu. Utaratibu wetu unamruhusu mwanamume kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, hivyo pengo la miezi minne linawafaa wote bila kutunza orodha mbili. Maji ya damu hurudi mwilini ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, lakini madini ya chuma hukawia zaidi. Ndiyo maana sipendi kumharakisha mtu, hata mwanamume mwenye afya njema.

Kuna kikwazo kimoja. Timu ya Damu Salama, yaani mpango wa taifa wa kukusanya damu, haitatoka na gari, vitanda na wataalamu kwa ajili ya watu 15. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kundi kwenda lenyewe kwenye kituo cha kanda au hospitali yenye chumba cha wachangiaji. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuungana na tawi la watani mliopakana nalo. Kundi A lenu na Kundi A lao, tayari mna watu 30 na kambi inafanyika. Anayeona haiwezekani awaangalie mashabiki wa Everton na wa Liverpool. Mwaka 2015 waliungana kuanzisha Fans Supporting Foodbanks, na hukusanya vyakula nje ya viwanja siku za mechi za nyumbani za timu zote mbili. Wanafuata ratiba ya ligi, kwa hiyo chakula kinaingia msimu mzima.

Siku yenyewe ina mambo yake. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Atapimwa presha, kisha wingi wa damu. Mahali pengine hutumika mashine ndogo, pengine kile kimiminika cha bluu cha kopa salfeti: tone la damu kutoka kidoleni linadondoshwa kwenye kikombe, na macho yote yanalifuata. Likizama moja kwa moja, damu inatosha. Likisita katikati na kupanda juu, mtu anashukuriwa na kupewa ushauri wa lishe. Wengi wanaokwama hukwama hapa au kwenye presha. Wengine hukwama kwa sababu ndogo zinazozuilika: hakula asubuhi, alikunywa pombe usiku, hakulala, au yuko kwenye dozi ya malaria na hakusema mapema. Katibu akituma ujumbe siku mbili kabla, akaeleza mambo haya manne na kusisitiza maji ya kutosha, idadi ya wanaorudishwa inapungua sana. Hata hivyo panga kwa tahadhari. Ukitaka chupa 30, andikisha watu 60.

Usiweke kambi ya damu siku ya mechi. Mtu akitoa mililita 450 asubuhi, akapanda basi la tawi, akasimama juani kwa muda wa saa nne Uwanja wa Mkapa akiimba na kuruka, ataanguka. Chagua Jumamosi isiyo na mechi, kivulini, saa mbili asubuhi, na ngoma zikae mbali na vitanda. Baada ya kutoa, mchangiaji akae dakika 10 hadi 15 na soda na biskuti, na mtu wa tawi awe hapo kazi yake ikiwa moja tu: kumzuia anayetaka kuinuka mapema.

Jambo ambalo matawi mengi hayaliangalii ni shinikizo la kundi. Maswali ya dodoso kuhusu afya na maisha ya faragha yapo kwa sababu maalumu. Damu hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya kabisa yanaweza kuwa bado hayajaonekana kwenye kipimo. Kinga iliyobaki ni ukweli wa mchangiaji. Shabiki aliyevaa jezi, amezungukwa na wenzake wanaompigia makofi, anaona aibu kusema ndiyo kwenye swali baya. Kwa hiyo mwenyekiti asisimame karibu na meza ya dodoso, asiulize mtu kwa nini amerudishwa, na asisome majina ya waliotoa na wasiotoa. Aliyepita na aliyerudishwa wote wapewe soda ileile, wakae benchi lilelile.

Sasa makao ya watoto. Kabla ya kununua chochote, piga simu kwa msimamizi, na ikiwa hamjawahi kufika hapo, pitieni kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mjue kama makao yana leseni. Uliza wana nini stoo. Karibu kila mara utakuta unga, sabuni na biskuti za sherehe zilizopita, na utakuta mtungi wa gesi umeisha, LUKU ya umeme inapiga kelele, na mtoto anayehudhuria kliniki hana nauli. Kujaza mtungi wa kilo 38 hakupendezi kwenye picha kama rundo la viroba, lakini kunapika chakula cha watoto wote.

Mkinunua chakula, nunueni kwa hesabu ya walaji. Mtoto wa shule ya msingi hula takriban gramu 200 za unga kwa mlo mmoja wa ugali na gramu 80 za maharage makavu. Watoto 30 wakila ugali mara moja kwa siku, ni kilo 6 za unga na kilo 2.4 za maharage kwa siku. Viroba vinne vya kilo 25 vinakaa siku 16. Matawi matano yakipeleka viroba ishirini wiki moja, unga wa kula siku 80 umewekwa stoo kwa mpigo, na ukiwa ni dona, mafuta ya kiini cha mahindi yanaanza kuuchachusha kabla haujafika nusu. Sembe huvumilia zaidi. Kilicho bora ni kumlipa muuza duka wa jirani apeleke viroba vinne kila baada ya wiki mbili, kwa risiti. Maharage yakiwa mengi yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Taulo za kike ni mfano mwingine wa msaada unaohitaji kalenda. Wasichana 10 wakitumia pakiti mbili kwa mwezi, mwaka ni pakiti 240. Kupeleka pakiti 20 mara moja ni kuwatunza mwezi mmoja na kuwaacha miezi kumi na moja. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msinunue kabisa bila kuambiwa aina na umri.

Usafi wa hospitali nitaugusa kwa ufupi. Njooni na makwanja, reki, toroli, glovu na buti zenu, fyekeni, zibueni mitaro, na msiguse taka za wodini hata moja. Sindano iliyojificha kwenye majani inaweza kumtoboa mtu. Pangeni pia gari la kuondoa majani, la sivyo mmehamisha uchafu kutoka ua mmoja hadi mwingine.

Fedha za haya yote zinapatikana bila mfadhili. Ligi Kuu yetu ya timu 16 ina mechi 15 za nyumbani. Wanachama 120 wakitoa shilingi 1,000 kila mechi ya nyumbani, msimu unaingiza 1,800,000. Zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, si kwenye simu ya mwenyekiti hata kama ni mwaminifu kama nini. Na fungu la jamii litengwe na fungu la jezi na usafiri tangu siku ya kwanza. Yakichanganywa, basi la kwenda Mbeya litakula unga wa watoto, na hakuna atakayekuwa ameiba.

Taarifa ya mwaka iandikwe kwa namba za mpokeaji. Kwenye damu weka safu nne: walioandikishwa, waliofika, waliopita vipimo, chupa zilizopokelewa. Kwenye chakula andika tarehe, kilo, na saini na mhuri wa makao. Picha za nyuso za watoto zisitumwe kwenye makundi wala kurasa za tawi. Mtoto hawezi kukataa, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Piga picha stoo, piga picha mtungi, piga picha hati ya kupokelea.

Kwa tawi linalotaka kuanza sasa, orodha ya Kundi A ifungwe siku ya tamasha kabla watu hawajatawanyika, na kila jina liandikwe pembeni tarehe yake ya Desemba. Barua ya kuomba timu ya Damu Salama ipelekwe mapema Novemba, ikiwa na idadi ya watu, jina la tawi la watani mnaoungana nalo, na namba ya mtu mmoja atakayepokea simu.