Ripoti ya Tume Si Hukumu

Swali ninaloulizwa mara nyingi Kisumu na Nakuru ni hili: Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia za Kenya za baada ya uchaguzi wa 2007, bahasha yake yenye majina ya washukiwa ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague, mbona kesi zikaanguka? Wengi hujibu kwa siasa, na siasa ilikuwepo. Ila kisheria, jibu linaanzia kwenye kipimo cha ushahidi.

Tume ya uchunguzi haihukumu mtu. Huthibitisha yaliyotokea, basi. Ndivyo ilivyokusudiwa tangu Mkataba wa The Hague wa 1899, wa kutatua migogoro ya mataifa kwa amani. Mwaka 1904 manowari za Urusi zilipowafyatulia mizinga wavuvi Waingereza katika Bahari ya Kaskazini, maadmirali watano walikaa Paris wakaeleza kilichotokea, Urusi ikalipa fidia, vita vikaepukwa. Hakufungwa mtu kwa ripoti ile.

Tume za Umoja wa Mataifa leo kwa kawaida hutumia kipimo cha "sababu za kutosha kuamini". Mahakama ya ICC ina ngazi nne: msingi wa kutosha ili kufungua uchunguzi, sababu za kutosha kuamini ili kutoa hati ya kukamata au samansi, sababu nzito zaidi ili kuthibitisha mashtaka, halafu kutokuwa na shaka ya maana ili kumtia mtu hatiani. Ripoti ya tume hukufikisha ya kwanza, pengine ya pili. Waki alitufikisha hapo: majaji waliporuhusu uchunguzi tarehe 31 Machi 2010, ripoti yake ilikuwa miongoni mwa walivyovitegemea. Ngazi za juu hupandwa na mashahidi wenyewe, wakihojiwa na mawakili wa utetezi. Hapo ndipo mashahidi walijiondoa au kubadili maneno, na tarehe 5 Aprili 2016 mashtaka ya mwisho yakafutwa, bila washtakiwa kutiwa hatiani wala kutangazwa hawana hatia.

Kwa hiyo uzito wa tume umo katika namna inavyonakili. Chukua mama anayesema, "Polisi walimuua mwanangu Kondele," mtaa wa Kisumu. Kwa ripoti huo ni mwanzo mzuri. Kwa mahakama bado ni sentensi tupu. Ilikuwa saa ngapi? Alisimama wapi, hatua ngapi kutoka kwa aliyefyatua? Mwanga ulitoka wapi? Sare ya rangi gani? Alichokiona kwa macho kiandikwe mbali na alichosimuliwa na jirani. Akisema kwa Kijaluo, maneno yake yabaki ya Kijaluo na tafsiri iwe kando. Ganda la risasi alilookota nalo lina masharti: kila mkono uliolipokea uandikwe, pamoja na siku na sahihi. Pengo moja tu, wakili atauliza lilikuwa wapi wiki hiyo.

Kosa linaloniuma zaidi ni la watu wenye nia njema. Shahidi mmoja huhojiwa na mashirika matatu, na maelezo matatu hayawezi kulingana neno kwa neno. Tofauti ndogo ya saa hugeuzwa uongo kizimbani.

Sehemu ya Waki iliyosimama imara kuliko zote ni ile ya rekodi za hospitali: watu 1,133 waliuawa, 405 kati yao kwa risasi. Ni vigumu kumtisha daktari aliyekwisha kuandika.

Jirani zetu wametupa mfano mwingine. Uganda iliunda tume chini ya Jaji David Porter kuhusu uporaji wa maliasili Kongo. Mwaka 2005, katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua kesi za nchi kwa nchi, iliupa ushahidi wa tume hiyo uzito mkubwa, kwa kuwa mashahidi walihojiwa ana kwa ana na jaji mzoefu. Mwaka 2022 Uganda iliamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325. Tume ya nchi yenyewe ilisaidia kuishinda nchi hiyo.

Basi tume yoyote ikija Kondele au Naivasha, soma hadidu za rejea kwanza, yaani maelezo ya kazi iliyopewa. Ripoti itakabidhiwa nani? Kuna tarehe ya mwisho ya kutekeleza? Waki aliiweka: mahakama maalum ya Kenya isipoundwa ndani ya muda, bahasha iende ICC, na kweli ilienda. Kisha angalia fomu ya ridhaa. Ukikubali maelezo yako yatumike kwa ripoti pekee, mwendesha mashtaka hatayapata bila kurudi kwako, pengine miaka mitano baadaye, simu yako ikiwa imebadilika.