Mpe mtazamaji hesabu, kinanda kaa nacho

Kijana mmoja ninayemfundisha kuediti hapa Bagamoyo aliniletea filamu yake fupi kwenye flashi. Mama mkaanga samaki wa pale sokoni ufukweni amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, marejesho ni kesho asubuhi, na uvunguni mwa kitanda chake kuna sanduku la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, analowatunzia wenzake. Kisa kizuri kabisa. Lakini mama analia dakika nne nzima, kinanda kinalia naye, halafu ghafla tunamwona ameshika nyundo.

Nikamwuliza, "Anadaiwa shilingi ngapi?"

"Nyingi, mwalimu."

Filamu ilikuwa imefia hapo.

Watu wengi wanaoandika skripti za namna hii, za mtu aliyebanwa mpaka akafika pabaya, hudhani kinachozisukuma ni huzuni. Miaka yangu kwenye chumba cha kuediti imenifundisha kwamba ni hesabu. Mtazamaji akijua kilichobaki, iwe pesa, maji au saa, anaanza kupiga hesabu mwenyewe kichwani, na akishaipiga ameshaingia kwenye njama. Asipojua, anabaki kumhurumia mhusika kama unavyomhurumia mfiwa wa mtaa usioujua: pole sana, kisha unapita zako.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu linalipuka, mtazamaji anashtuka sekunde chache basi. Lakini mwonyeshe bomu kwanza, mwonyeshe na saa ukutani, na soga zile zile za kipuuzi zinageuka mateso. Ndiyo taharuki ile tuliyokariri kwenye fasihi kwa ajili ya mtihani, tukaiacha mlangoni tulipotoka.

Somo hili nalifundisha kwa Le Salaire de la peur, filamu ya Henri-Georges Clouzot ya mwaka 1953. Kisima cha mafuta kinawaka Amerika Kusini, na dawa ya moto ule ni kuulipua kwa nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji ambacho mtikiso tu hukilipua. Wanaume wanne waliokwama kwenye mji usio na kazi wanakubali kuipeleka kwa malori mawili, barabara yenyewe mbovu, malipo dola 2,000 kwa kila mmoja. Clouzot hana haraka. Malori yanachelewa sana kuondoka. Kwanza anatushindisha pale mjini tuonje joto, uvivu na nauli ya kurudi kwao ambayo hakuna aliye nayo. (Wanafunzi hulalamika sehemu hii. Mimi hunywa kahawa.) Kisha tone moja tu la dawa ile linadondoshwa mbele ya macho yetu, na linalipuka. Tangu hapo kila shimo la barabarani unalihesabu wewe uliyekaa kwenye kiti.

Sini ninayoirudia kila mara iko mbele zaidi. Lori moja limeshalipuka, mlipuko umechimba shimo, bomba limepasuka na shimo linajaa mafuta. Kwenye lori lililobaki wamo Jo na Mario. Jo anaingia kwenye dimbwi kumwongoza Mario aliyeshika usukani. Jo anakwama mbele ya gurudumu. Mario akisimama, lori litanasa na safari imeisha. Hasimami. Anaukanyaga mguu wa mwenzake na kupita.

Niliwahi kuipeleka filamu hiyo kwenye kibanda umiza kimoja, banda la video la mtaani, nikashika maiki kutafsiri kama madijei wanavyofanya, ingawa sauti yangu ya kusomea matanga. Wengi waliokuwamo ni wavuvi ambao kusi kali ilikuwa imewazuia kutoka. Mguu ulipokanyagwa hakuna aliyepiga kelele. Kisha kijana mmoja akasema, "Angesimama wangekosa wote."

Nahodha mmoja mtu mzima akamjibu bila kugeuka, "Mwanangu, chombo kikizidiwa tunatosa mzigo. Huyo ni mzigo?"

"Mzee, nawe ungefanyaje?"

Mzee akakaa kimya. Wengine wakadakia, wakabishana mpaka mwenye kibanda akatutoa nje maana mechi ilikuwa inaanza.

Ubishi ule umewahi kufika mahakamani. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza iitwayo Mignonette ilizama Atlantiki ya Kusini ikiwa njiani kwenda Australia. Watu wanne wakabaki kwenye kihori cha kama mita nne, wakiwa na makopo mawili ya tanipu, mboga ya mizizi, na bila maji ya kunywa. Walimpata kasa mmoja, wakamla akaisha. Zilipokaribia kutimia wiki tatu, Richard Parker, kijana wa miaka 17, alikuwa hoi baada ya kunywa maji ya bahari. Nahodha Tom Dudley na msaidizi wake Edwin Stephens waliafikiana, Dudley akamuua, wakamla. Walipookolewa na kufika Uingereza walisimulia yote bila kuficha, wakiamini desturi ya bahari itawakinga. Mahakama ikakataa kwamba dhiki inaweza kuhalalisha kuua. Walihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita.

Kwa edita, utamu wa kisa hiki uko kwenye yale makopo mawili. Na uko kwa mtu wa nne, Edmund Brooks. Hakushika kisu, lakini nyama alikula. Mtazamaji mzuri ni Brooks. Kazi yangu ni kumweka ndani ya kihori kile, mikono yake safi na tumbo lake limeshiba.

Tukarudi kwa mama wa samaki. Deni tukaliweka wazi: shilingi 320,000. Juu ya meza tukapanga noti na sarafu zake, 90,000. Tukaonyesha ndoo ya vibua visivyouzika, kamera ikakaa hapo mpaka nzi wakafika. Sanduku lina kufuli tatu, kwa hiyo mapema kwenye filamu tukawaonyesha akina mama watatu, kila mmoja na ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la kanga. Kisha tukamshusha mama ngazi kwa ngazi. Kwanza anavuta sanduku alifute vumbi. Halafu analipima uzito. Halafu anazigusa kufuli, moja, mbili, tatu. Kila hatua peke yake haina dhambi.

Kijana alitaka kukata nyundo ilipoinuka. Nikamkatalia. Kila unapokata unampa mtazamaji nafasi ya kupumua, na hapo hastahili kupumua. Tuliiacha shoti nzima, sekunde 41, kinanda tumekitupa, nje anapita muuza maandazi akinadi. Kufuli inaachia, filamu inaisha, hatujui kama alichukua.

Jumamosi kijana aliwaonyesha akina mama wa mtaani kwao, kwa simu ya dada yake iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Ilipokwisha mmoja wao akamgeukia jirani yake.

"Hivi ufunguo wa tatu wa sanduku letu yuko nao nani?"