Kadi ya mkopo na zile dola 15 za kila mwezi

Binti mmoja anayesoma mwaka wa pili pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alifika mezani kwetu benki na karatasi ya deni iliyokunjwa mara nne. Alikuwa na deni la dola 300 kwenye kadi. Akalipa 15, kiasi kilekile cha chini alichoandikiwa, na karatasi mpya ikaonyesha bado anadaiwa 294. Akauliza: "Zile 9 zimeenda wapi?"

Zimeenda kwenye riba. Mkataba wake ni wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa hiyo deni lilipanda kwanza hadi 309, ndipo 15 zikatoka. Tukapiga hesabu naye kwenye simu yake. Akilipa 15 tu kila mwezi, bila kununua kitu kingine, atamaliza baada ya miezi 31 na atakuwa ametoa karibu dola 465. Akilipa 40, miezi 9 inamtosha, kwa jumla ya dola 345 hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuanza na 40 mwezi huohuo. Anaruhusiwa, na wewe pia.

Ndugu mwanafunzi, kile kiasi cha chini kinakuepusha tu na faini ya kuchelewa. Kwa kawaida, ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa, vitu ulivyonunua havitozwi riba. Lakini ukichota pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, mara nyingi riba huanza kuhesabiwa siku ileile, na ada juu yake. Kwa hiyo usiitumie kutafuta nauli ya teksi.

Kabla ya yote, jua una kadi gani. Nyingi tunazoziona mikononi mwa wanafunzi wa Lubumbashi si za mkopo: ama zinakata pesa kwenye akaunti yako, ama unazijaza kwanza ndipo unatumia. Neno Visa linaweza kuwa kwenye zote, basi lisikudanganye. Uliza benki: pesa hii ni yangu au yenu? Wanaokwenda kusoma Marekani watakuta sheria ya mwaka 2009: aliye chini ya miaka 21 hapewi kadi ya mkopo asipoonyesha kipato chake au mtu wa kumdhamini. Mimi naiona ni sheria nzuri.

Kwetu kuna hatari nyingine. Deni linaandikwa kwa dola, lakini wewe unauza unité (salio la simu) na unapata faranga. Faranga ikishuka, deni linakua mfukoni mwako hata kama hujagusa kadi.

Na tafadhali, usikimbilie Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani asiye benki, ili ulipe benki. Ukichukua 100 kwa masharti ya kurudisha 150 mwisho wa mwezi, hiyo ni riba ya asilimia 50. Ile asilimia 3 iliyomliza binti wa Kasapa ni ndogo mno mbele yake. Kama minerval (karo ya chuo) imekubana, zamu yako ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ni bora, au wazazi waambiwe ukweli mapema.

Ukiona huwezi kulipa, njoo benki kabla ya tarehe kupita, uje na mkataba na karatasi ya mwezi. Aliyekuja mapema tunaweza kuzungumza naye juu ya kugawa malipo upya. Ambaye simu yake haipokelewi kwa miezi mitatu, nafasi hiyo huwa imeshapungua sana.