Okonkwo si mhusika bapa

Insha ya mwanafunzi juu ya riwaya ya Things Fall Apart ni nzuri, hati inasomeka, mifano imetolewa sura kwa sura, halafu inakuja ile sentensi: "Okonkwo ni mhusika bapa kwa sababu habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho." Nimeshaisahihisha mara nyingi mno. Nusu ya kwanza ni kosa, nusu ya pili ina ukweli mwingi, na hilo "kwa sababu" linalozifunga pamoja ndilo linalonipandisha presha.

Mambo ya utangulizi nayapita haraka. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ambayo Okonkwo ndiye mhusika wake mkuu, ilitoka mwaka 1958: sura 25, sehemu tatu, yaani Umuofia kwao Okonkwo, uhamishoni Mbanta miaka saba, kisha Umuofia tena. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, maizi, yaani anayejua yote. Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma katika masimulizi, unakipata tangu sura ya kwanza: Unoka, baba yake Okonkwo, analetwa kwetu akiwa ameshakufa miaka kumi. Tashbihi na methali zipo za kutosha, chagua tatu uzieleze vizuri, usiniorodheshee kumi na tano.

Sasa wahusika. Mgawanyo wa bapa (flat) na duara (round) tumeurithi kwa mwandishi Mwingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927. Kipimo chake hakikuwa kubadilika. Aliuliza kama mhusika anaweza kutushangaza, na akishatushangaza, kama bado tunamwamini. Anayeshangaza na tukamwamini ni duara. Asiyeshangaza kamwe ni bapa. Anayeshangaza lakini hatumwamini ni bapa anayejifanya duara. Mahali fulani kati ya hapo na madaftari yetu, "kushangaza" kukageuka "kubadilika tabia", na tangu hapo kila mhusika mkaidi anaitwa bapa.

Mpime Okonkwo kwa kipimo chenyewe. Sura ya 7 anamkata Ikemefuna kwa panga, kijana aliyekaa nyumbani kwake miaka mitatu na kumwita baba, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mzee Ezeudu alikuwa amemwonya asiwe na mkono katika kifo kile. Mhusika bapa angelala usingizi wake baada ya hapo. Okonkwo anakaa siku mbili hajala, anakunywa tembo tu, na anajitukana moyoni kwamba amegeuka kikongwe anayetetemeka.

Halafu kuna usiku wa sura ya 11, ambao wanafunzi wengi wanauruka kwa sababu "hakuna kinachotokea". Chielo, kuhani wa mungu Agbala, anamchukua Ezinma, binti ya Okonkwo, mgongoni. Ekwefi, mama yake Ezinma, anawafuata gizani. Okonkwo anatokea mlangoni mwa pango akiwa na panga mkononi, na unadhani alitoka nyumbani mara moja akawafuata. Siri inatoka sura ya 12. Hakulala usiku kucha. Alisubiri kwanza muda ambao yeye aliuona unamfaa mwanamume, ndipo akaenda, akakuta kimya, akarudi, akaenda tena. Safari ya nne ndiyo aliyomkuta Ekwefi, na kufikia hapo wasiwasi ulikuwa umemzidi. Tazama hilo la kusubiri. Hata hofu ya baba kwa mwanawe anaipimia muda ili isionekane hofu! Tabia ile ile ya sura ya kwanza, haijasogea hata inchi, na bado imetushangaza na tumeiamini. Huyo ni duara asiyebadilika. Wapo, na wala si wachache.

Kinyume chake ni Nwoye, mwana wa Okonkwo. Anabadilika kuliko mtu yeyote kitabuni: anauacha upande wa baba yake, anajiunga na wamisionari, anapewa jina Isaac. Lakini tangu usiku aliojua Ikemefuna ameuawa, pale kitu kilipolegea ndani yake, msomaji anaiona njia nzima mbele. Anabadilika bila kutushangaza sana. Je, ni duara? Mimi nasema ndiyo, kwa wembamba wa uzi, kwa sababu ya yale maswali yake juu ya mapacha waliotupwa porini. Mwenzangu akisema hapana, sina hoja ya kumnyamazisha.

Kwa hiyo uliza maswali mawili, usiyachanganye: anabadilika au habadiliki? Anashangaza au hashangazi? Unapojibu mtihani, chora safu tatu kwenye karatasi ya rafu: tukio na sura yake, alichotarajiwa kufanya, alichofanya. Jaza matukio matatu. Safu ya pili na ya tatu zikifanana mara zote tatu, una bapa. Zikitofautiana hata mara moja na tofauti hiyo ina mizizi kitabuni, andika duara na utaje tukio. Kosa la kawaida hapa ni kujaza matukio yanayokubaliana na jibu ulilokuja nalo. Lazima moja liwe la kukupinga.

Na jamani, bapa si tusi, wala si "mhusika mdogo". Mmisionari Mchungaji Smith ni bapa kama chapati: mambo kwake ni meupe au meusi, basi. Enoch, mwongofu wake mwenye jazba, ni bapa vilevile, tena anaonekana kurasa chache mno. Lakini Enoch anapomvua kinyago hadharani egwugwu, yaani mtu anayewakilisha roho ya mababu, kanisa linachomwa, viongozi sita wanakamatwa, na kitabu kinaanza kuteremka kwenda mwisho wake. Mwandishi alihitaji jiwe lirushwe, na jiwe halihitaji nafsi.

Mhusika mkuu naye si lazima awe mwema. Tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973 inaitwa Shujaa Okonkwo, na nahisi jina hilo limechangia kuwafanya watu wamtetee mtu aliyempiga mkewe katika Juma la Amani, wakati ambapo ugomvi ni mwiko. Ukuu wa mhusika ni nafasi yake katika msuko. Cheti cha tabia njema kinatolewa kwingine.

Limebaki suala la foili, au mhusika shinda. Baadhi ya vitabu vyetu vinamweka "kati ya bapa na duara", kama maji ya vuguvugu. Foili asili yake ni karatasi ya madini iliyowekwa nyuma ya kito ili king'ae. Ni kazi, si kiwango cha ujazo. Obierika anafanya kazi hiyo kwa Okonkwo, kwa kufikiri pale rafiki yake anapofoka, na bado yeye mwenyewe ni duara. Ila kama kitabu cha darasani kwako kinasema "kati", eleza kwanza unatumia maana ipi, kisha endelea. Alama zako usizitoe kafara kwa ugomvi wangu.

Unoka ndiye anayenisumbua. Mvivu, mwoga, mwenye madeni yaliyochorwa kwa chaki ukutani: bapa, ungesema, kielelezo cha kila anachokichukia mwanawe. Kisha sura ya 3 anavimba tumbo na viungo, anabebwa kwenda kuachwa afe katika Msitu Mwovu, na anaondoka na filimbi yake. Sentensi moja tu. Kila nikifika hapo nafuta neno "bapa", na nikimaliza sura nalirudisha kwa penseli.