Kutengwa: adhabu ya kijiji isiyo na gereza

Kitenzi kutenga kina kazi nyingi. Mama akishapanga sahani mezani anaita watu, chakula kimetengwa. Halmashauri inatenga fedha za barabara. Mkulima wa Uyole anatenga viazi vya mbegu na viazi vya kuuza. Na kijiji nacho kinamtenga mtu. Kote huko kitu kinatolewa kwenye fungu na kuwekwa pembeni kwa sababu maalumu. Chakula kinawekwa pembeni ili watu wakijie. Mtu anawekwa pembeni ili watu wasimjie.

Kutengwa, kwa maana tunayoifuata hapa, ni uamuzi wa jamii wa kumnyima mmoja wao ushirikiano kwa sababu ya kosa. Hapigwi, hafungwi, na shamba lake hanyang'anywi. Kinachoondolewa ni watu. Anayeishi mjini anaweza kuiona adhabu hii kuwa nyepesi, lakini kijijini Rungwe, Makete au Mufindi, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mtu anahitaji watu kila siku: wa kusaidia kupakia mikungu ya ndizi kwenye gari, wa kuitikia ukipiga yowe la mwizi usiku, wa kukuchungia ng'ombe ukienda hospitali. Zaidi ya yote anahitaji watu wa kuzika. Ndiyo maana chanzo kikubwa cha kutengwa vijijini kwetu ni kutokwenda kwenye misiba ya wenzako. Wizi na ugomvi wa mipaka vina baraza na mahakama. Anayekwepa kuzika anahukumiwa na majirani.

Nilishuhudia jambo hili kijijini kwa mjomba wangu, kwenye mteremko wa juu ya Tukuyu ambako mvua hainyeshi, inahamia. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye biashara ya mbao na maparachichi. Kwa miaka mitatu hivi hakukanyaga msiba wa mtu. Debe la mahindi hatoi, kuni hatoi, kaburi hachimbi, na mwenyekiti wa kitongoji akipita na daftari la michango anaambiwa arudi kesho. Hakuna aliyemgombeza. Kisha mama yake akafariki.

Asubuhi ile watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wanaume walichukua sururu na machepe wakaenda kuchimba, wanawake wakakaa na marehemu. Mzee mmoja alimwita yule bwana kando ya mgomba akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mama yako ametuzikia watu wetu. Yeye tunamzika. Wewe tutaongea baadaye." Mazishi yakaenda vizuri, nyimbo zikaimbwa. Baada ya hapo chakula kikatengwa: ndizi kwa nyama, wali wa mchele wa Kyela, maharage, sufuria kubwa tano zilizopikwa na ndugu zake waliotoka Mbeya mjini. Watu wakanawa udongo mikononi, wakaaga, wakaondoka. Hakuna aliyegusa sahani. Nakumbuka mvuke ukitoka kwenye zile sufuria na yule bwana amesimama karibu nazo, kofia mkononi, akiangalia migongo ya watu ikishuka njiani.

Kukataa chakula cha mtu ni neno zito kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica kilichotoka 1951 kimeeleza vijiji vya rika vya wakati huo, ambavyo wanaume wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja. Msingi wa vijiji hivyo ulikuwa ukwangala, yaani ile hali ya kukaa pamoja, kula pamoja, kunywa na kuzungumza kwa raha. Mtu aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka. Na jirani akivunja desturi, wenzake walinung'unika, na waliamini kwamba manung'uniko hayo, pumzi ya watu, yanaweza kumletea ugonjwa. Dawa yake ilikuwa kuwaalika wale wale walionung'unika, kuwachinjia na kuwapa pombe, nao wakakubali kula. Huhitaji kuamini ugonjwa huo ili uielewe hekima iliyomo. Kosa lilikuwa limeharibu ulaji wa pamoja, kwa hiyo matengenezo yake yalifanyika kwa kula pamoja.

Watu wengi hudhani kutengwa ni jambo la Afrika ya zamani. Athene, mji wa Ugiriki, ilikuwa na utaratibu wake katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wanataka kumtenga mtu. Wakikubali, kila mmoja aliandika jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Zilihitajika kura 6,000, na aliyeangukiwa aliondoka mjini kwa miaka 10. Mali yake ilibaki yake, na muda ukiisha alirudi kama raia kamili. Husimuliwa kwamba mwaka ambao Aristides alitengwa, mtu mmoja asiyejua kusoma, ambaye hakumfahamu, alimpa kigae amwandikie jina la Aristides. Alipoulizwa amekosewa nini na huyo Aristides, akasema hana kosa, ila amechoka kusikia kila mahali anaitwa mwenye haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe. Kisa hicho kinaonyesha upande mbaya wa adhabu hii, kwamba wivu nao unaweza kupiga kura. Lakini Waajemi walipoivamia Ugiriki, Athene iliwaita waliotengwa kabla muda wao haujaisha, na Aristides alirudi akapigana vita vya Salamis.

Ayalandi nako, mwaka 1880, wapangaji wa mashamba huko Mayo walikataa kumfanyia kazi msimamizi aliyetaka kuwafukuza, Kapteni Charles Boycott. Vibarua wakaondoka, maduka yakakataa kumuuzia. Mavuno yake ilibidi yavunwe na watu 50 walioletwa kutoka mbali wakilindwa na askari karibu 1,000, na kabla ya mwaka kuisha akawa ameondoka nchini. Jina lake likageuka kitenzi katika lugha nyingi za Ulaya, na sisi kitendo hicho tunakiita kususia. Tofauti yake na kutenga ni kwamba wanyonge nao wanaweza kumsusia mkubwa, na hawadai kumrudisha kundini. Wanataka abadilike au aondoke. Anayetengwa bado ni wetu.

Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, wanaishika sana hiyo "bado ni wetu". Mshirika aliyebatizwa kisha akavunja ahadi zake hutengwa, na kwa walio wakali hata kula meza moja na ndugu zake haruhusiwi. Lakini akitubu mbele ya kanisa anapokelewa, na shauri linaisha. Wasomaji wa Mbeya na Njombe hawatashangaa, maana Wamoravian na Walutheri wa huku, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Unyakyusa mwaka 1891, wanalijua neno marudi. Mshirika aliye chini ya marudi hashiriki meza ya Bwana mpaka aungame na kurudishwa. Neno lenyewe zuri: linatoka kwenye kurudi, ambako pia ni kumrudi mtu, kumwonya ili arejee.

Hapa ndipo ninapopaona kuwa kiini cha dhana yenyewe. Kutengwa kuna haki ya kuitwa adhabu pale tu mtengwa anapojua kosa lake, anapojua ni nani kaamua, na anapojua afanye nini ili arudi. Likikosekana hilo la tatu, tunaongelea jambo jingine kabisa.

Fikiria unyanyapaa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017, Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wazima na Iringa asilimia 11.3, juu kuliko mikoa yote. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya VVU, na dawa zipo hadi zahanati. Hata hivyo katika nyumba moja ya Njombe nilikaribishwa chai, nikaona kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Kilikuwa cha dada wa mwenye nyumba. Kinaoshwa peke yake, kinawekwa rafu ya chini peke yake. Yule dada hakuwa na kosa la kuungama wala faini ya kulipa, na hakuna kikao ambacho kingemfungulia uzi ule. Nilikunywa chai yangu kwa shida. Nilitamani mtu mmoja tu mle ndani achukue kile kikombe anywee.

Tuhuma za uchawi ziko hivyo hivyo. Anayetuhumiwa, mara nyingi bibi mjane, hawezi kuthibitisha kwamba hajafanya jambo lisiloonekana, kwa hiyo hana njia ya kurudi. Hata dola imewahi kushika njia hiyo: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya wakati wa Mwingereza, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali pengine.

Vijiji vya leo havina ruhusa ya kujitungia adhabu yoyote tu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Faini ya msiba isiyopitia huko haidaiwi kisheria. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu ale chakula asichotaka kula, na nguvu ya kutengwa imejificha hapo.

Nguvu hiyo inapungua pale pesa inapoweza kununua mikono. Mwanjelwa au Ilomba, Mbeya mjini, unaweza kulipa vijana wakachimba kaburi, ukakodi turubai na viti, ukaagiza wapishi. Anayekutenga mjini atakutoa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, nawe utalala vizuri. Yule bwana wa mbao alikuwa na pesa za namna hiyo, na kwa muda alidhani zinatosha.

Miezi minne baada ya mazishi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wazee walikaa naye alasiri nzima. Hawakumtajia mambo makubwa: mbuzi wawili, debe nne za mahindi, kreti za soda, na aseme kwa mdomo wake mbele ya watu kile alichokuwa hakifanyi. Alisema. Sauti yake ilikuwa chini, mzee mmoja akamwomba arudie kwa sababu nyuma hawajasikia, akarudia. Mbuzi wakachinjwa hapo hapo na watu wakala. Mjomba aliniambia kwamba yule bwana mwenyewe ndiye aliyepita na ndoo akiwanawisha watu mikono, mmoja mmoja, nao wakimjibu "ndaga", asante kwa Kinyakyusa.

Msiba uliofuata ulikuwa wa mtoto, nyumba ya tatu kutoka kwake. Alifika alfajiri, wa kwanza, akasimama pembeni bila kujua akae wapi. Kijana aliyekuwa ameshika machepe alihesabu watu, akamfikia, akampa moja kama alivyowapa wengine, akaendelea kwa anayefuata.