Fundi mwenzangu, muhuri haukodishwi

Wiki hii kijana mmoja anayepiga waya vizuri kabisa, bomba zimenyooka, jointi hazichezi, ameniuliza: "Kaka, leseni ya EWURA ya nini? Fomu ya TANESCO ya kuunganishiwa umeme ikitaka muhuri si namtafuta mwenye leseni namlipa, ananigongea?" Swali hili nimelisikia kwenye maduka ya vifaa vya umeme, saiti, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Sasa nalijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo tunaishia kubishana.

Makaratasi kwanza, haraka haraka. Cheti cha VETA kinaonyesha umepimwa ujuzi. Leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inakuruhusu kufunga umeme huku Tanzania Bara, na daraja lake ndilo linaloweka mpaka wa kazi zako. Usajili wa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, unamhusu mkandarasi, yule anayeomba zabuni na kusaini mikataba. Ukiwa na NVA ngazi ya 3, yaani cheti cha VETA cha ufundi stadi, bado huna leseni mpaka uiombe, na ukiwa na leseni bado si mkandarasi. Tusirudie tena hilo.

Je, inalipa? Kwa nyumba za kawaida mtaani, mteja haulizi leseni. Anauliza bei, na anauliza ni nani uliyemfanyia kazi kabla yake. Namfahamu fundi asiye na karatasi yoyote ambaye simu yake inaita kuliko yangu. Anayekuambia kwamba ukipata leseni wateja watapanga foleni anakudanganya. Hela ya leseni inaonekana kwenye shule, zahanati, maghala na viwanda, ambako msimamizi hakuruhusu kugusa bodi ya umeme kabla hajaona leseni. Inaonekana pia kwenye nyumba unazofunga wewe mwenyewe, kwa kuwa unazisaini mwenyewe na jina linalobaki kwenye fomu ni lako. Kijana anayekodi muhuri miaka yote anamjengea mtu mwingine historia ya kazi.

Ila kinachonikera hasa ni hicho kitu tunachokiita "kugongewa". Anayesaini anathibitisha kwamba mfumo umekaguliwa, umepimwa, na ni salama kuunganishwa. Umepimwa, ndugu zangu. Nyumba inaweza kuwaka taa zote, soketi zote zikachaji simu, feni zikazunguka, na bado ikaua mtu.

Chukua friji yenye bodi ya chuma, fezi imechubuka ndani na kugusa bodi. Fimbo ya ethi, ile inayopeleka umeme uliovuja ardhini, imepigwa kwenye kichanga kikavu, upinzani wake omu 50. Gawa volti 230 kwa 50: unapata ampea 4.6, na kwa kweli zitapungua kidogo kwa sababu ethi ya upande wa transfoma nayo ina upinzani wake. Sakiti breka ya soketi ni ya ampea 32. Haitashtuka. Hata ile ya taa ya ampea 6 haitakata. Friji inabaki na umeme mwilini, inaendelea kugandisha maji, mpaka mtoto aliye peku kwenye sakafu yenye unyevu ashike mlango. ELCB ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ingekata hapo hapo. Sasa niambie, hizo omu 50 utazionaje kwa macho, tena ukiwa umekaa ofisini na muhuri mkononi?

Na tafadhali, kubonyeza kitufe cha majaribio cha ELCB hakupimi ethi. Kile kitufe kinaonyesha kwamba kifaa chenyewe kinaweza kukata. Fimbo ingekuwa haijafungwa waya kabisa, ELCB bado ingekata ukibonyeza, na fundi angeondoka ameridhika.

Insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja kwenye waya, nayo haipimwi kwa multimita ya betri ya volti 9. Tumia mega, yaani kipima insulesheni, volti 500 DC, taa na vifaa vyote vikiwa vimetolewa, fezi na nyutro pamoja dhidi ya ethi. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiunganishe, tafuta tatizo: msumari wa fundi dari umepita kwenye bomba, au kuna jointi iliyozikwa kwenye plasta mbichi.

Kwa hiyo hasira yangu inamwendea zaidi mwenye leseni kuliko kijana. Kijana hajui anachonunua. Wewe uliyesoma, unayejua maana ya sahihi yako, unasaini nyumba usiyojua hata ipo mtaa gani, na ikiungua, jina la kwanza kwenye faili ni lako.

Nina mashaka yangu pia na siyafichi. Leseni inaangalia vyeti na uzoefu ulioandikwa. Hakuna anayekufuata darini miaka miwili baadaye. Kuna mzee asiye na cheti hata kimoja ambaye ningempa nyumba ya mama yangu kabla ya kumpa mtu wa daraja la juu ninayemjua. Wazee kama huyo walijifunza kwa kumshikia tochi fundi mkuu. VETA ina urasimishaji wa ujuzi kwa ajili yao, na nauunga mkono, lakini naogopa kwamba mtu anayejua kazi mikononi anaweza kukwama kwenye kuieleza kwa maandishi, na mwenye kalamu nzuri akapita. Sijaona bado jibu linaloniridhisha.

Hata hivyo, ushauri wangu kwa asiye na cheti ni aanzie kwenye huo urasimishaji. Mwenye cheti aingie LOIS, mfumo wa maombi wa mtandaoni wa EWURA, aombe leseni kwa daraja analostahili. Na wakati unasubiri, ukitaka sahihi yangu, nitakuja na mega na kipima ethi, nitafungua soketi ya mbali kuliko zote, na nitadai hela ya siku nzima, kwa sababu ni kazi ya siku nzima. Nipigie kabla ya plasta, usingoje mpaka mwenye nyumba awe ameshaahidiwa mita.