Ufafanuzi kwa umma: nyota pacha, sayari zake na hilo "jua la pili"

Tangu tuanze usiku wa darubini kwa wananchi, swali tunaloulizwa kuliko yote si la darubini. Ni la video inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp: eti Jua letu lina pacha aliyejificha, yuko njiani kurudi, na akifika Dunia itatoka kwenye njia yake. Hofu hiyo tunaielewa. Jibu letu, ambalo tumelitoa mara nyingi sasa, ni kwamba Jua halina pacha anayejulikana. Satelaiti ya WISE ya NASA ilipekua mbingu nzima kwa miali ya joto, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 hayakuonyesha gimba lolote jipya lenye ukubwa wa sayari ya Zohali (Saturn) hadi vizio astronomia 10,000 kutoka kwenye Jua. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia na Jua. Nyota haiwezi kujificha mahali ambapo Zohali ingeonekana.

Nyota pacha zenyewe, yaani nyota mbili zinazozungukana, zipo, tena nyingi, na hazina utata kama zinavyosimuliwa. Kosa la kwanza ni kusema ndogo inaizunguka kubwa. Zote mbili huzunguka kitovu cha uzito kilicho kati yao. Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega. Madumu yakiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Moja likiwa nusu, hulisogeza bega kuelekea lililojaa. Bega ndilo kitovu. Na kama madumu yale, kila nyota iko upande wake muda wote, kwa hiyo hazifukuzani wala hazigongani.

Mfano ulio karibu nasi ni Alpha Centauri, miaka nuru 4.4 hivi kutoka hapa (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Nyota A ina uzito wa Jua mara 1.1, B mara 0.9, na mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 80. Njia zao ni yai, si duara: huachana hadi vizio 36 hivi, kisha hukaribiana hadi 11. Aliyezaliwa mwaka 1955, zilipokaribiana mara ya mwisho, atakuwa anatimiza miaka 80 zitakapokaribiana tena mwaka 2035.

Je, sayari itapona hapo? Itapona, ikijua pa kukaa. Ikijibana kwa nyota moja, tuseme ndani ya vizio 2 hivi vya A, mvutano wa B hautaing'oa. Ukiwa kwenye sayari ya namna hiyo, kizio kimoja kutoka A, B ingekuwa nukta tu. Lakini hata ikiwa mbali kabisa nukta hiyo ingeng'aa kuliko mbalamwezi mara zaidi ya mia. Kuna miezi usiku usingeingia giza. Joto lake, hata hivyo, lisingekausha hata kanga.

Njia ya pili ni kukaa mbali na kuzizunguka zote mbili kama mzigo mmoja. Ndivyo ilivyo sayari ya Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011. Nyota zake zimeachana kizio 0.22 tu na huzungukana kwa siku 41. Sayari iko kizio 0.7 na huzizunguka zote mbili kwa siku 229. Katikati ya njia hizo mbili hakukaliki: sayari huvutwa huku na kule hadi irushwe nje au itumbukie. Njia ya namba nane kati ya nyota mbili, inayopendwa sana na wachoraji, tunaomba iachwe.

Sasa utaratibu wa kutangaza sayari mpya, maana hapa ndipo watu hututangulia. Alama ya sayari ikionekana kwenye vipimo, kinachotangazwa ni sayari tarajiwa, yaani isiyothibitishwa bado. Lazima ionekane tena, ikiwezekana kwa chombo kingine, na vyanzo vingine vyote vya alama hiyo viondolewe: madoa ya nyota, nyota ya nyuma, hitilafu ya kifaa, namna ya kuchuja takwimu. Isiposimama, hufutwa. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari ya Alpha Centauri B. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine ulionyesha ni kivuli cha hesabu, ikaondoka. Darubini ya anga za juu ya James Webb nayo iliona alama karibu na A mwezi Agosti 2024, lakini ilipotazama tena Februari na Aprili 2025 haikuiona. Huenda njia yake iliifikisha karibu mno na nyota. Mpaka hapo ni tarajiwa, na tunaomba wanaotuandikia wasiiite "iliyothibitishwa".

Kwa watakaofika uwanjani Dar es Salaam: mwishoni mwa Mei, saa 4 usiku, tazama kusini, ngumi tatu na nusu juu ya upeo, mkono ukiwa umenyooshwa. Utaona nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini; ya kushoto, yenye unjano, ndiyo Alpha Centauri. Jiandikishe getini, zima tochi, usiguse miguu ya darubini, leza hairuhusiwi. Anayekiuka hutolewa na hasubiri zamu ya pili. Zamu ni dakika mbili. Kwa macho ni nyota moja. Kwenye lenzi ni punje mbili, moja imefifia kidogo, na nafasi ya giza katikati yake ni pana kuliko ilivyokuwa mwaka 2016, ingawa zenyewe zinakaribiana: ni pembe tunayozitazamia inayobadilika.